Taa tatu ndani ya wingu la Desemba: nini kinatangulia?

"Mzee, mimi ni kopiloti mpya, nina saa 340 tu. Desemba tulikuwa tunarudi Lubumbashi kutoka Kalemie na ndege ya abiria 19, injini mbili za mapanga, futi 19,000, ndani ya wingu. Nikaona barafu kwenye kipanguzi cha kioo. Nikauliza kama tupulize mipira ya mabawa, ile iliyo kwenye ukingo wa mbele inayovimba kuvunja barafu, komanda akasema tungoje kwanza barafu inenepe. Baada ya dakika chache jenereta ya kulia ikafa. Nikafungua orodha ya hatua za kufuata jenereta ikifa, nikaanza kusoma. Niko katikati, saa ya mwendo ya upande wa komanda ikaanza kushuka kutoka noti 180 mpaka 90, otopiloti ikajitoa, mapanga yakatetemesha ndege nzima, na vipande vya barafu vikawa vinagonga ubavu kama mtu anatupa kokoto. Komanda akashusha ndege mpaka futi 13,000, kila kitu kikarudi isipokuwa jenereta. Tulitua Luano, uwanja wa Lubumbashi, salama. Aliniambia nisiandike kitu. Tangu siku hiyo nalala vibaya. Vitu vitatu vinakufaje kwa mara moja? Na mimi nilipaswa kufanya nini kwanza?"

Mdogo wangu, pole. Na asante kwa kuandika bila kujipamba, maana wengi wakisimulia mkasa kama huu, wao ndio waliookoa ndege. Umeuliza maswali mawili, ila naona la tatu umelificha katikati: je, ile orodha niliyokuwa nasoma wakati mwendo unashuka ingetuua? Nitayajibu yote, na hilo la tatu sitalipaka sukari.

Kwanza niondoe jambo moja nililolisikia pale Luano kwa miaka 30 na zaidi, kwamba barafu ni shida ya Ulaya, sisi huku shida yetu ni radi na barabara za ndege zenye mbuzi. Katika anga letu joto hufika sifuri kwenye futi 16,000 hivi, Januari kama Julai. Usiponiamini, mwulize mtu wa Beni aliyewahi kuona Ruwenzori asubuhi isiyo na mawingu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, ikweta iko jirani kabisa, na bado kuna barafu juu yake. Ninyi mlikuwa karibu mita 700 juu ya kilele hicho, kwenye nyuzi tano au sita chini ya sifuri, ndani ya wingu lililojaa maji. Hapo ndipo barafu inapotengenezwa.

Neno "maji" nimelisema kwa makusudi. Wanafunzi wangu hudhani wingu la baridi limejaa barafu tayari. Mama anayeuza maji ya chupa pale mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, anajua zaidi yao. Umeme ukikaa usiku mzima bila kukatika, asubuhi anatoa chupa kwenye friza, maji ni maji kabisa, yanacheza ndani. Anaigonga chupa mezani, na mbele ya macho yako yote yanageuka barafu kuanzia juu hadi chini. Yalikuwa yameshapita sifuri bila kuganda, yanasubiri kuguswa. Matone ya lile wingu lenu yalikuwa vivyo hivyo, na ndege yenu ndiyo iliyoyagusa.

Tena hayaanzi kuganda kwenye vitu vikubwa. Kitu chembamba kinapasua hewa bila kuipa nafasi ya kukwepa, kwa hiyo kinapigwa na matone mengi zaidi: kipanguzi, sindano ya kipimajoto, antena, ukingo wa mkia, mapanga, na ule mrija mdogo tunaouita pito. Ndiyo sababu kipanguzi ulichokiona kilikuwa mjumbe wa kweli. Ukiona barafu pale, jua mkia, ambao huuoni kabisa kutoka kitini, umeshapata ya kwake, na huenda ni nene kuliko ya bawa kwa kuwa mkia ni mwembamba.

Sasa tukae kidogo kwenye pito, kwa sababu ndiyo iliyowachanganya. Ni mrija ulio wazi mbele, unaomeza upepo wa mwendo. Saa yako ya mwendo haipimi mwendo hata kidogo. Inachofanya ni kulinganisha shinikizo la upepo unaoingia mrijani na shinikizo la hewa tulivu linaloingia kwenye matundu ya ubavuni. Mdomo wa mrija ukizibwa na barafu, na kitundu kidogo cha kutolea maji kikabaki wazi, shinikizo la ndani linatoka polepole na mwendo unaoonekana unashuka kuelekea sifuri, ingawa ndege inakwenda vilevile. Nadhani hicho ndicho mlichokiona, 180 mpaka 90. Lakini barafu ikiziba mdomo pamoja na kile kitundu, shinikizo linafungwa ndani na saa inageuka kuwa mwongo wa aina nyingine. Ukipanda inaonyesha mwendo unaongezeka, ukishuka inaonyesha unapungua. Tarehe 1 Desemba 1974 huko Marekani, Boeing 727 isiyo na abiria ilipanda huku joto la pito halijawashwa. Marubani waliona mwendo unapanda mno, wakainua pua kuupunguza, ukazidi kupanda, wakazidi kuinua, mpaka mabawa yakaacha kubeba. Walikufa wote watatu, huku wakijitahidi kurekebisha kosa ambalo halikuwepo.

Otopiloti nayo inakula kutoka sahani hiyohiyo. Ikiona saa mbili za mwendo hazikubaliani, inakurudishia ndege mikononi na kujiondoa. Kwa hiyo otopiloti yako haikuharibika, na ile ya mwendo haikuwa saa mbovu. Yote mawili yalitoka kwenye punje moja ya barafu mdomoni mwa mrija. Na mtetemo? Panga moja lilitupa barafu yake kabla ya mwenzake, mapanga yakawa hayalingani uzito. Kokoto ulizozisikia zikigonga ubavu ndiyo barafu yenyewe iliyotupwa, tena hiyo ni dalili kwamba inatoka.

Inabaki jenereta. Mimi sijaigusa ndege yenu, hivyo siwezi kukuambia imekufa kwa nini, hilo ni la fundi. Ila nakuomba ufikirie mwezi wa tukio. Kwetu Lubumbashi, kuanzia Mei mpaka Oktoba mbingu ni kavu kama ngozi ya ngoma. Miezi sita hakuna anayewasha joto la mapanga wala la vioo, na mipira ya mabawa inapigwa jua. Mvua zikija, siku moja mnaingia wingu zito na kuwasha kila kitu pamoja. Vifaa vingi vya kupambana na barafu, ukiacha mipira, ni vya kuchemsha, na hakuna kinachokula umeme kama kuchemsha. Jenereta iliyokuwa imechoka inabebeshwa mzigo wake mkubwa kuliko wote wa mwaka, saa ileile unapouhitaji. Ikianguka, ndege nyingi hufanya kile tunachokijua wote mtaani: delestaji. Mtambo unakata vitu vinavyohesabiwa kuwa si vya lazima ili vya lazima viishi, na kwenye baadhi ya ndege joto la mapanga au la kioo limo katika vinavyokatwa. Katikati ya barafu! Soma kitabu cha ndege yenu ujue kwenu kinakatwa nini. Usipokijua ukiwa chini, angani hutapata muda.

Joto la pito ya kushoto ninalishuku zaidi. Waya wake wa ndani unaweza kukatika Agosti na hakuna atakayejua, kwa sababu kwenye hewa kavu pito baridi na pito ya moto zinasoma sawasawa. Ni hitilafu iliyolala. Ndiyo sababu nasema hamkupatwa na vitu vitatu vilivyokufa kwa bahati mbaya dakika moja. Inawezekana kabisa kilichokufa siku hiyo ni kimoja, kingine kilishakufa zamani kikasubiri, na vilivyobaki vilikuwa watoto wao. Barafu ilikuja kuwafichua.

Kuhusu mipira ya mabawa, komanda wako alirudia somo ambalo hata mimi nilifundishwa: ngoja barafu inenepe, ukipuliza mapema itatengeneza ganda juu ya mpira na mpira utavimba ndani ya pango lake bila kuvunja kitu. Hofu hiyo ilitokana na mipira ya zamani iliyokuwa ikijaa polepole. Mipira ya leo inajaa haraka na kwa nguvu, na wachunguzi wa ajali wa Marekani walishaonya waziwazi kwamba kungoja kumeua watu. Sheria ya mwisho ni kitabu cha aina ya ndege yako, lakini vingi vya sasa vinasema washa mara tu unapoona dalili ya kwanza, uiache ijizungushe mpaka utoke. Ukipuliza mara ya kwanza ikabaki mabaki, usishtuke, ya pili au ya tatu itayabandua. Joto la pito na la injini ndilo hasa halingojwi, linawashwa kabla ya kuingia wingu. Swali lako la siku ile lilikuwa sahihi. Mwenye saa 340 anaweza kuwa na haki mbele ya mwenye 9,000, ila hapo unahitaji kusema kwa sauti ya kusikika: "Komanda, kitabu kinasema tuwashe sasa."

Sasa, nini kwanza. Pua na nguvu. Kabla ya taa, kabla ya orodha, kabla ya redio. Saa ya upeo, inayoonyesha pua imeinuka au imeinama kiasi gani, haitegemei pito, na vipimo vya nguvu kwenye injini zenu za mapanga vilevile. Ukiiweka pua kwenye nyuzi zinazojulikana na nguvu kwenye kiasi kinachojulikana, ndege itakwenda mwendo unaojulikana, hata saa ya mwendo iseme noti 90 au sifuri. Ikiwa mmebeba barafu, ongeza nguvu kidogo, maana barafu inavuta, na bawa lililoharibika umbo linaacha kubeba mapema kuliko kitabu kinavyoahidi. Shughuli hii nzima ni ya sekunde chache. Kisha unatazama saa ya upande wa pili na ile ya akiba, na kumwambia komanda: "Yangu inasema 175, yako 90, ya akiba 175." Maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko ukurasa wowote wa orodha ya jenereta.

Hilo ndilo jibu la swali ulilolificha. Ndiyo, ulikosea mpangilio. Kusoma orodha si kosa, ila uliendelea kusoma baada ya jambo kubwa zaidi kuingia mlangoni. Jenereta moja ikifa, nyingine inabeba, na betri ipo nyuma yake. Mwendo haukuwa na akiba ya namna hiyo mpaka mtu aseme ni saa ipi inadanganya. Ungefunga kitabu kwa kidole ndani ya ukurasa na kuinua macho. Nimeona makomanda wa miaka 20 wakifanya kosa lako hilohilo kwenye simuleta, ile mashine ya mazoezi inayoiga ndege, kwa sababu karatasi inatuliza na saa inayodanganya inatisha.

Tena hukuwa peke yako duniani. Air France 447, tarehe 1 Juni 2009, kati ya Rio de Janeiro na Paris, pito ziliziba kwa punje za barafu kwa muda usiofika hata dakika moja. Ndege ilikuwa nzima, injini nzima. Lakini otopiloti ilipojitoa, pua iliinuliwa na kushikiliwa juu, bawa likaacha kubeba, kile ambacho walimu wetu wanakiita dekroshaji, na baada ya dakika nne na sekunde 23 ilikuwa baharini na watu 228. Saa zilikuwa zimeshaanza kusema kweli zamani.

Mfano ulio jirani zaidi nasi ni wa usiku wa tarehe 24 Julai 2014, ndege ya MD-83 iliyotoka Ouagadougou kwenda Algiers. Joto la kuzuia barafu kwenye injini halikuwashwa. Punje za barafu ziliziba vipimashinikizo vya injini zote mbili, vikaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwepo, na mtambo wa kurekebisha nguvu ukaanza kupunguza. Otopiloti, mtumishi mtiifu, ikawa inainua pua kidogokidogo ili kutunza kimo wakati mwendo unakwisha. Watu 116 walikufa kaskazini mwa Mali, kwenye joto la Sahel.

Kwa hiyo nina neno na otopiloti. Wengi huiona kama mkono wa tatu wakati wa shida, na kwenye hali ya kawaida ni kweli. Ndani ya barafu inakuficha kile ambacho mikono yako ingekisikia: usukani unaozidi kuwa mzito, ndege inayotaka kulala upande mmoja. Inashikilia mpaka isipoweza, ndipo inakukabidhi ndege iliyokwisha kuharibika. Roselawn, Marekani, 1994, ATR 72 yenye watu 68 ilibiringika mara tu otopiloti ilipojitoa, kwa barafu iliyojijenga nyuma ya mipira. Barafu ikiwa nzito, shika usukani vizuri kwanza, ndipo uitoe wewe mwenyewe.

Baada ya pua na nguvu inafuata njia ya kutoka, na hapo komanda wako alifanya vizuri sana, nimpe haki yake. Kupanda juu ya wingu kunafaa ukiwa na nguvu nyingi na barafu kidogo. Ninyi mlikuwa kinyume. Kugeuka nyuma kunafaa kama ulikotoka kulikuwa safi, mradi ugeuke taratibu, maana kona kali inaongeza mzigo kwenye bawa lililochoka. Kushuka ndiyo zawadi yetu watu wa tropiki. Marubani wa Ulaya wakati wa baridi wanaweza kushuka na barafu mpaka ardhini, sisi chini ya futi 16,000 tuna hewa ya uvuguvugu inayotungoja. Kati ya Kalemie na Luano milima ya Marungu inapita mita 2,000, lakini futi 13,000 ni karibu mita 4,000, mlikuwa na nafasi.

Usiichukue nafasi hiyo kila mahali, hata hivyo. Ukiwa unaelekea Goma, Karisimbi ina mita 4,507 na Nyiragongo 3,470. Karisimbi peke yake inakaribia futi 14,800, na barafu inaanza kama futi 1,200 tu juu ya hapo. Huko "nashuka tu" ni neno la kuua watu kama huna kimo cha chini cha usalama kimeandikwa mbele yako kabla ya kuruka. Njia ya kutoka huchaguliwa ukiwa bado mezani na chai.

Ndege ikitulia, hewa ikiwa ya joto, mnara umejua mna shida, hapo orodha inasomwa tena, kuanzia mwanzo, pole pole. Novemba 2010 injini ya Airbus A380 ilipasuka baada ya kuruka kutoka Singapore. Walipata maonyo lukuki, wakatumia karibu saa nzima kuyapitia moja moja, kisha wakatua na watu 469 wazima. Muda huo waliupata kwa sababu mtu alikuwa anaendesha ndege wakati wengine wanasoma.

Kutua nako, neno moja tu. Kama huna uhakika barafu imetoka mkiani, usishushe flapi zote, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Barabara ya Luano ina zaidi ya mita 3,000, itumie, ingia na mwendo wa ziada. Na saa ya mwendo iliyofufuka usiiamini kwa uso wake tu, ilinganishe na nyingine mpaka magurudumu yaguse.

Kuhusu "usiandike". Hapa sitakuwa mpole. Jenereta iliyokufa angani na mwendo uliopotea vinaandikwa kwenye kitabu cha ndege siku hiyohiyo, na tukio kama hili linaripotiwa kwa mkuu wa usalama wa kampuni na kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Kesho rubani mwingine ataingia wingu lilelile na pito ileile. Nenda kwa komanda wako kwanza, faraghani, kwa heshima, mwambie: "Komanda, nimeona tuandike pamoja." Wengi wanakubali wakiambiwa hivyo. Asipokubali, andika wewe. Najua kazi ni ngumu kupatikana na unaweza kuipoteza, sitajifanya sijui. Bado andika.

Usingizi ukikukataa zaidi ya wiki chache, au ukijikuta unatafuta sababu za kutoruka, mwone daktari wa marubani ana kwa ana, usimalize kwa bia mtaani Kamalondo. Na omba simuleta, hata kama ni Johannesburg. Mwambie mwalimu akupe tukio lenu kama lilivyokuwa, jenereta kwanza, pito baadaye. Kabla ya hapo, siku ya anga safi, chukua daftari: futi 19,000, pua nyuzi ngapi, nguvu kiasi gani, mwendo kiasi gani. Fanya hivyo kwa kupanda, kwa kusafiri, kwa kushuka. Mistari mitatu. Ikae mfukoni.

Na kesho asubuhi pita karakana kabla fundi hajafunga boneti. Mwombe awashe joto la pito zote mbili, wewe simama nje. Baada ya nusu dakika peleka mgongo wa mkono karibu na mrija bila kuugusa. Wa kulia utausikia unaunguza kama pasi. Wa kushoto ndio ninaotaka uniandikie umeusikiaje. Usiuguse kwa kidole, mimi alama ninayo mpaka leo.